Tulivyogombania Ukingo wa Barabara

Kilichonifikisha kwenye kazi ya kuhuisha kanuni za ujenzi ni harusi ya binamu yangu.

Ilikuwa harusi ya mchana, Kinyerezi, kwenye ukumbi mpya wenye mapazia ya rangi ya dhahabu na viyoyozi vikali vilivyowafanya akina mama wajifunike khanga juu ya magauni yao ya shughuli. Mimi, mwalimu wa hesabu, natumia kiti cha magurudumu tangu utotoni, kwa hiyo kabla ya kuitikia mwaliko wowote huwa nauliza kwanza kama kuna ngazi. Binamu aliniapia kwamba ukumbi ule una mteremko maalumu kwa wenye viti kama changu. Hakusema uongo. Mteremko ulikuwepo, ila ulikuwa umesimama kama paa la kanisa. Aliyeujenga alitazama nafasi iliyobaki pembeni ya ngazi, akamwaga zege, akapaka rangi ya bluu, akaondoka zake.

Kupanda nilipandishwa na wasindikizaji wa bwana harusi. Walinisukuma wakihema ndani ya suti zao, huku MC akitangaza kwenye spika, "Mwalimu anapaa jamani, mwalimu anapaa!" Nilicheka nao. Nikala pilau, nikacheza kwa kuzungusha kiti changu katikati ya ukumbi mpaka mikono ikaniuma. Shida ilikuja wakati wa kutoka. Nilifika juu ya ule mteremko, nikatazama chini, nikaona geti limeachwa wazi, na nje ya geti malori ya kokoto yakipita. Nikafunga breki.

"Sishuki," nikasema.

Wasindikizaji wakanibembeleza. Shangazi zangu wakanibembeleza. Mwishowe akaitwa mwenye ukumbi, mwanaume wa makamo, mpole, mwenye shada la funguo kiunoni.

"Mwalimu, tatizo nini? Si mteremko huo hapo?"

"Nauona. Aliyeujenga ashuke nao kwanza, halafu mie nifuate."

"Nimeusimamia mie mwenyewe."

"Basi karibu kiti."

Watu wakapiga vigelegele. Wakanihamishia kwenye kiti cha plastiki, naye kwa ujasiri wote akakaa kwenye kiti changu, akajisogeza mpaka ukingoni. Akatazama chini. Mkono wake ukatafuta kitu cha kushikilia ukutani, na ukutani hakukuwa na kitu. Akasema taratibu, "Mama yangu wee." Akanyanyuka polepole. "Hapana," akawaambia watu. "Hii siyo." Akavua koti, akawa wa kwanza kushika kiti changu kunishusha kwa ngazi.

Simu zilikuwa zimeshachukua kila kitu. Kabla ya wiki kuisha, video ilikuwa imeingia kwenye kila kundi la WhatsApp la mjini, na wanafunzi wangu kule Temeke wakatengeneza stika yenye uso wangu nimekunja ndita, na chini yake neno moja: SISHUKI. Wakawa wanatumiana kila mara nikiwapa zoezi la hesabu.

Nilikuwa chumba cha walimu nasahihisha daftari simu ilipoita. Sauti ya mwanamke, nzito, ya mtu aliyezoea kupiga kelele kwenye maeneo ya ujenzi.

"Wewe ndiye mwalimu wa Sishuki?"

Nikakiri.

Alikuwa mhandisi. Akaniambia yeye na wenzake wanahuisha kanuni za ujenzi, hasa kipengele cha majengo kufikika na kila mtu. "Mwongozo tunaoutumia unasema mteremko uwe 'unaofaa'," akasema. "Sasa unaofaa kwa nani? Kila mjenzi ana jibu lake. Mie sitaki tena kukaa mezani nikakisia. Nataka watu waje wapande, washuke, waniambie. Utakuja?"

Nilitegemea meza ndefu, chupa za maji na hotuba. Nikakuta uwanja nyuma ya ghala moja Mwenge, karibu na wachonga vinyago, pakisikika patasi na kunukia vumbi la mpingo. Mhandisi mwenyewe alikuwa mwanamama mrefu, mwili mkubwa, kofia ngumu juu ya kilemba. Alikuwa amewaajiri mafundi seremala wamjengee vipande vya majengo kwa plaiwudi: mteremko unaoweza kuinuliwa na kushushwa, mlango, kaunta, choo, na mwishoni kabisa kipande cha barabara chenye njia ya waenda kwa miguu iliyotandikwa vitofali vya kweli vya pevingi. Alituita watu wa kila namna. Alikuwepo bibi anayetembelea mkongojo, mama mwenye mapacha, dereva wa bodaboda aliyefungwa hogo la plasta mguuni. Kila mmoja alitakiwa kupita kila mahali na kulalamika kwa sauti.

"Mkiwa wastaarabu mtaniharibia kazi," mhandisi alituambia. "Lalamikeni!"

Mimi nilianza na choo. Niliingia vizuri, nikageuza kiti ili nifunge mlango, na hapo ndipo nikagundua kwamba mlango unafunguka kwa ndani na mimi ndiye ninayeuzuia. Kwenda mbele, siwezi. Kurudi nyuma, siwezi. Nikapiga plaiwudi.

"Vipi humo?" mhandisi akauliza.

"Nimekwama!"

"Safi kabisa! Tulia hapo hapo, tunapima."

Wakapima nikiwa ndani, kwa juu, kwa chini ya mlango, fundi akinipitishia kamba ya futi nimshikie ncha. Kisha ikabidi wafungue skrubu za ukuta mzima kunitoa. Ukuta ulipolala chini, nikajikuta nimekaa kando ya choo mbele ya umati, wote wananipigia makofi. Sijawahi kucheka namna ile kazini.

Ugomvi ulikuja pale kwenye kipande cha barabara. Mhandisi aliniuliza ningependa ukingo uweje, pale njia ya miguu inapokutana na barabara. Sikufikiri hata kidogo. Mimi ukingo ndio adui yangu wa kila siku. Ukingo wa urefu wa kiganja tu unatosha kunirudisha nyumbani.

"Uondoeni," nikasema. "Sawazisheni kabisa, njia na barabara ziwe kitu kimoja."

"Mkisawazisha mmeniua," sauti ikasema nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa mwanaume wa umri wangu, mrefu, miwani myeusi, fimbo nyeupe mkononi na vumbi jeusi la mpingo kwenye nyusi. Baadaye nilijua kwamba ni mtu wa Masasi, anafanya kazi hatua chache tu kutoka pale, ya kupiga msasa vinyago vya wachongaji mpaka ving'ae. Haoni tangu ujanani.

"Nimekuua vipi?" nikauliza.

"Mie najua njia imeisha pale fimbo yangu inapodondoka kwenye ukingo. Ukiondoa ukingo, natembea tu, naenda, naenda, mpaka naingia katikati ya magari. Nitajuaje?"

"Kwani huwezi kusikia magari?"

"Bajaji za umeme unazisikia wewe?"

"Angalau wewe una miguu. Ukikuta ukingo unapanda!"

"Angalau wewe una macho. Ukikosa ukingo unaona!"

Bibi mwenye mkongojo akasema, "Haya, makubwa." Nilikuwa nimekasirika kweli, maana maisha yangu yote nilijua adui ni wajenzi wavivu. Sikuwahi kuwaza kwamba kitu kile kile kinachonizuia mimi kinaweza kuwa kinamlinda mwenzangu. Yeye naye alikuwa amekunja uso, fimbo ameishika kwa mikono miwili. Halafu pembe za midomo yake zikaanza kutetemeka, akacheka, nami nikashindwa kujizuia.

"Nendeni mkanywe chai," mhandisi akasema. "Mkirudi mnipe jibu moja, siyo mawili."

Tulikaa kwa mama ntilie aliye nje ya geti. Chapati, maharage, chai ya tangawizi. Yule mwanaume akaniuliza magurudumu yangu ya mbele yana ukubwa gani. Nikamwambia anyooshe mkono, akayapima kwa vidole, akazungusha kimoja.

"Madogo hivi? Basi hata jiwe linakukwamisha."

"Linanipindua kabisa. Na wewe ukingo unaoutaka lazima uwe mrefu?"

Akafikiri. "Hapana. Mie sitaki urefu. Nataka habari tu. Nataka kitu cha kuniambia, braza, simama hapa."

Tuliporudi tukamweleza mhandisi. Akafungua sanduku na kutoa vigae vyenye vinundu. Vigae vya namna ile vinajulikana, akasema, na hata hapa mjini vimewekwa mahali fulani. Yeye alikuwa na aina mbili za mfano. Vikatandikwa pale njia inapoisha, na ukingo ukasawazishwa. Aina ya kwanza yule mpiga msasa aliipenda sana. Mimi nilipopita juu yake meno yaligongana, na gurudumu la mbele likageukia pembeni. Aina ya pili niliipita kama zulia, lakini yeye, mwenye viatu vya soli nene, akaipita bila kujua na kusimama katikati ya barabara yetu ya mbao.

"Tayari nimegongwa?" akauliza.

"Zamani sana," nikamjibu.

Basi akaomba ubao. Rafiki yake mmoja mchongaji akamchongea vinundu kwa safu, vilivyo virefu kidogo kuliko vinavyotakiwa, naye akachuchumaa na msasa wake. Alikuwa anapiga kidogo, anapitisha kiganja, anasimama anajaribu kwa soli na kwa fimbo, kisha ananiita. "Pita." Napita. "Bado unanitikisa," namwambia. Anachuchumaa tena. "Pita sasa." Mchana ule wote tuliumalizia hapo. Wengine walishaondoka, mafundi wakaanza kufunika plaiwudi kwa turubai, na sisi bado tunabishana juu ya unene wa ukucha. Mara ya mwisho nilipopita nikasikia mtikisiko mdogo tu kwenye mapaja, kama simu inapoita ikiwa mfukoni. Nikageuza kiti.

"Wewe unavisikia?"

Akavuta hatua, soli ikagusa, akasimama wima. "Navisikia vizuri."

Mhandisi akapima vile vinundu, akaandika, akasema vipimo vyetu vitakwenda kwenye rasimu pamoja na vya majaribio mengine. Mimi nilikuwa namtazama yule mwanaume akipangusa vumbi magotini, na nilijua kabisa kwamba nitatafuta sababu ya kurudi Mwenge.

Sababu zilipatikana. Mara nataka kinyago cha zawadi kwa mwalimu mwenzangu anayestaafu. Mara nataka kuuliza kama rasimu imetoka. Yeye akaanza kunitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake patasi zikigonga, akinisimulia kuhusu mbao kama mtu anayesengenya majirani: mpingo una kiburi, mninga una adabu. Akija Temeke tulikuwa tunatembea pamoja kwenda kula mishkaki. Mtaani wapo waliofurahia kutuonyesha vidole: tazama, mmoja ni macho, mwenzake ni miguu! Hilo lilikuwaga linaniudhi. Yeye ana fimbo yake, mimi nina magurudumu yangu, na barabara ikiwa nzuri kila mmoja anakwenda mwenyewe, sambamba, tunapiga soga. Ikiwa mbovu ndipo tunapoanza kubebana.

Siku niliyomwambia mama kwamba kuna mtu, alikuwa jikoni kwake Segerea anamenya ndizi. Mama ni mwalimu mstaafu, mtu wa Bukoba, ambaye sauti yake bado inaweza kunyamazisha darasa zima.

"Ni mtu wa wapi?"

"Masasi."

"Anasali?"

"Ni Mwanglikana."

"Si mbaya. Anafanya kazi gani?"

"Anapiga msasa vinyago. Na haoni, mama."

Kisu kikasimama. Mama akanitazama, akatazama kiti changu, akatazama tena ndizi. "Mwanangu," akasema polepole, "sasa chai ya moto atakuwa anaibeba nani?"

"Yeye ndiye hodari wa kubeba chai. Hamwagi hata tone."

"Aje basi. Nimwone anavyobeba."

Alikuja Jumapili. "Shikamoo mama," akasema kutoka getini, na mama akaitikia "Marahaba" kwa sauti ya mtu ambaye hajaamua. Ndugu zangu wa kiume wakanibeba kunipandisha barazani, kama wanavyofanya tangu tuko wadogo. Mgeni akakaribishwa, akakaa, mkono wake ukapita juu ya meza ya chakula.

"Mninga huu, mama. Wa zamani. Ila aliyekupakia vanishi alikuibia."

Mama akapiga paja. "Nilimwambia! Nilimwambia baba yao yule fundi ni mwongo!" Kuanzia hapo wakawa wawili wanaoongea, sisi wengine tukala matoke. Alipotaka maji, mgeni aliuliza tu jagi liko upande gani, akamimina, akasikiliza glasi ikijaa, akamuwekea mama kwanza. Mama alinitazama kwa jicho la pembeni, akanyanyua nyusi.

Wakati wa kuondoka, ndugu zangu wakanibeba tena kunishusha. Mgeni alisikia mguno wao, akauliza, "Kuna nini hapo?"

"Ngazi," nikamwambia.

"Ngazi? Kwenu?"

Mama alisikia. Jioni ile alinipigia simu, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Umewagombeza watu Kinyerezi mpaka mji mzima ukajua," akasema. "Kwangu hujawahi kusema hata siku moja. Kwa nini?"

Ukweli ni kwamba sikuwahi kufikiria. Kubebwa pale barazani kulikuwa na harufu ya mashati ya kaka zangu na vicheko vya utotoni. Lilikuwa pendo, na sikujua kama pendo nalo linaweza kuwa na mteremko.

"Mlikuwa mnanibeba, mama."

"Kaka zako wana mvi sasa," mama akasema. "Nitumie hizo kanuni zenu."

Nilimtumia kurasa za rasimu. Alizisoma na miwani yake ya kusahihishia mitihani. Fundi mwashi alipokuja na mazoea yake ya kukisia kwa jicho, mama alimsomea kipengele kwa kipengele, kuhusu urefu wa mteremko, upana wake na vyuma vya kushikia pande zote mbili. Mteremko wa kufuata kanuni ulihitaji kwenda mbali mpaka kwenye migomba yake, ile aliyoiotesha kutoka kwenye machipukizi ya nyumbani Bukoba. Fundi akashauri ufupishwe. Mama akaingia ndani, akatoka na panga, akakata migomba miwili kwa mkono wake. "Endelea," akamwambia fundi.

Mara ya kwanza nilipopanda barazani kwa mama yangu peke yangu, sikuhitaji mkono wa mtu. Nilifika juu, nikafungua mlango, nikapiga hodi kama mtu mzima yeyote anayekuja kumwona mama yake. Akanijibu kutoka jikoni, "Karibu, mlango uko wazi," na nikasikia anapenga kamasi.

Rasimu ilijadiliwa kwenye ukumbi wa chini wa ofisi moja, wajenzi na wenye nyumba wakiwa wengi kuliko sisi. Hatukupata kila kitu. Lifti tulizoziombea nyumba za ghorofa chache zilikataliwa, na mhandisi alirudi kwenye kiti chake amenuna waziwazi. Wenye maduka madogo ya mtaani waliruhusiwa kutumia mteremko wa mbao unaowekwa na kuondolewa, jambo ambalo mwanzoni nililipinga, lakini sasa naona walikuwa na hoja. Vinundu vilipita. Mlango wa choo unaofunguka kwa nje ulipita bila hata mtu mmoja kubisha, maana mhandisi alionyesha picha yangu nikiwa nimekaa kando ya choo cha plaiwudi, na ukumbi wote ukavunjika mbavu.

Tulifunga ndoa Segerea, parokiani kwetu, baada ya padri wetu na wa Kianglikana kukubaliana. Tukapanga nyumba huko huko, ya chini, yenye uwanja wa simenti.

Mwaka huu nilikwenda kuanza kliniki ya wajawazito kwenye kituo kipya cha afya, kilichojengwa baada ya kanuni kubadilika. Mume wangu alitangulia, fimbo yake ikifuata mstari wa vinundu kutoka getini mpaka mapokezi. Mlinzi alinikimbilia ili anisukume. Nikamwambia asante, sihitaji. Akabaki amesimama, mikono haina kazi, kisha akarudi kwenye redio yake. Nilipanda mteremko, nikapita mlangoni, nikakaa kwenye foleni kati ya akina mama wengine, na hakuna aliyenitazama zaidi ya mara moja.

Muuguzi akaita, "Mama, njoo kwenye mzani!"

Nikaufikia. Ulikuwa mzani wa kusimama juu yake.

Mimi na muuguzi tukatazamana. Kanuni zilikuwa zimefikiria milango, kaunta, vyoo na swichi za taa. Mzani hakuna aliyeukumbuka, hata mimi.

"Sasa tunafanyaje?" muuguzi akauliza.

"Hesabu," nikamwambia. "Mwite baba yake."

Mume wangu akanibeba, akapanda mzani nami mikononi, muuguzi akasoma. Kisha akanishusha kwenye kiti, na ikawa zamu yake kupimwa peke yake ili tutoe.

"Lazima?" akauliza.

"Lazima."

"Basi usisome kwa sauti, sista," akamnong'oneza muuguzi. "Kuna watu wanasikiliza."

Muuguzi akasoma kwa sauti kubwa, foleni nzima ikasikia. Bado tuko pale nikatoa simu, nikampigia mhandisi.

"Nini tena?" akauliza.

"Mzani," nikasema.

Nikamsikia anacheka kwa ile sauti yake nzito ya kwenye ujenzi, na droo ikifunguliwa, akitafuta kalamu.